Maranda ya Mtarakwa

Alikuja ndani ya lori la nguzo kutoka Elburgon,
amejikunja kati ya magome kama kifundo cha mti.
Nilikwisha kumwekea randa
kifundo kilipopumua kwa hasira.

Kalunguyeye. Bondeni nzima ilikuja kumtazama.
Nikamwita Msasa, namba arobaini,
ule wa kukwangua rangi kuukuu.

Nilimchongea sanduku la mvule, halina msumari hata mmoja,
nikamjazia maranda ya mtarakwa hadi kifuani,
mekundu, mabichi,
yananukia kama kabati la bibi harusi.
Hii ndiyo harufu ya kwao, nilisema.
Nani aliyewahi kumkosea mgeni
kwa kumtandikia harufu ya kwao?

Mwezi wa pili akaanza kujikuna.
Usiku, nyuma ya mabati: kwaru, kwaru, kwaru.
Nilidhani ni panya anajifunza useremala.
Asubuhi nikaokota mwiba. Kesho yake mitatu.
Nikaitia kwenye mkebe wa misumari ya inchi moja,
maana seremala hatupi kitu chenye ncha,
hata siku moja mkono ukachukua usichokijua,
nyundo ikashuka,
na mwiba ukasagika juu ya ubao bila sauti.

Mba ulimtoka kama jivu la jiko.
Kingo za masikio zikachanikachanika,
karatasi iliyonyeshewa ikakauka.
Kimitei wa duka la mbegu: mtumbukize kwenye dawa ya kupe.
Mama Nyaboke: mafuta taa, kidogo tu, jioni.
Kila mtu ana dawa ya ngozi isiyo yake.
Mimi nilimpaka mafuta ya nazi.
Akang'aa. Akajikuna, anang'aa.

Jumatatu nikamfunga ndani ya kofia
nikampeleka kliniki ya mifugo.
Foleni ilikuwa mbwa wawili, mbuzi mwenye jicho bovu,
na mimi na kofia yangu inayofoka.
Daktari Nafuna, msichana wa Kimilili, hakucheka.
Alikwangua kidogo, akaweka chini ya darubini.
"Fundi, chungulia."

Nikaona kijiji.
Wenyeji wana miguu minane,
wanatembea bila haraka
kama watu wenye hatimiliki.

"Utitiri," akasema. "Huu tutaufukuza.
Lakini unamlaza juu ya nini?"
Nikamwambia. Kwa fahari nikamwambia.
Akavua glavu, moja, halafu nyingine.
"Mafuta ya mti huo ndiyo yanayofukuza nondo kabatini.
Unadhani yanachagua?"

Miaka thelathini na moja ya randa,
vidole vikipasuka kila Januari,
nami nikiulaumu upepo wa Menengai.
Nikaitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Dawa hupimwa kwa uzito wa mgonjwa,
na mizani yao ilianzia kilo moja.
Nikakimbia kuleta yangu ya kupimia misumari.
Gramu mia tatu na ishirini:
fungu ambalo mteja angeniambia, ongeza kidogo.
Tone moja shingoni, jingine baada ya wiki mbili,
maji vuguvugu, brashi laini ya meno,
na subira, hiyo haiuzwi.

Sanduku la mvule lina vitunguu sasa.
Msasa analala kwenye beseni la plastiki,
Mungu anisamehe, mimi seremala,
juu ya sweta ya shule ya mjukuu wangu Jerotich
iliyomkataa mabegani.

Jana usiku kimya ndicho kilichoniamsha.
Nikainama na tochi.
Mgongoni, palipokuwa upara,
vincha vyeupe vimechomoza,
vifupi, kama ndevu za mvulana anayejidai.
Nikanyoosha kidole kuhakikisha.

Akanichoma. Barabara.
Nikanyonya damu, nikazima tochi.